Nilivyompa mimba bibi wa miaka 74 kwa kubofya mara moja

Msinitukane kwanza, nisikilizeni. Tulikuwa watafiti watano, nchi nne tofauti, hatujawahi kukaa chumba kimoja hata siku moja, kila kitu kipo kwenye shiti moja ya Google Sheets: namba ya mshiriki, umri, ana mimba au hana, wajukuu wangapi na makorokoro mengine. Raha yake ni kwamba mimi nikilala mwenzangu wa Kanada ndo yuko kazini, kwa hiyo kazi hailali. Kumbe na balaa nalo halilali.

Usiku mmoja, saa nane hivi, macho mazito, nikataka tu kujua mshiriki mkubwa kuliko wote ana miaka mingapi. Si nikachagua safu ya umri peke yake nikabofya ipangwe kuanzia mkubwa, na ile kitu haikuniuliza hata "una uhakika?", umri ukajipanga, mimba na wajukuu wakabaki palepale walipokuwa. Nikaona 74, nikasema looh, bibi kala chumvi, nikafunga kompyuta nikalala fofofo.

Siku mbili baadaye, kikao cha Zoom. Wa Kanada kashachora grafu, wa India kaandika aya nzima kuhusu uzazi wa uzeeni, tena kaiandika vizuri jamani mpaka nikaanza kuamini. Kiongozi wetu, mama mmoja mpole sana, akauliza taratibu: "Huyu wa miaka 74 ana mimba ya miezi mitano?" Kimya. "Na huyu wa miaka 19 ana wajukuu tisa?"

Akafungua historia ya matoleo, ile kumbukumbu ya nani kabadilisha nini kwenye shiti na lini, mbele ya wote. Ile historia haijui kumsitiri mtu, inatoa jina, saa na rangi, na yangu ilikuwa zambarau, safu nzima imepakwa zambarau kama ukumbi wa harusi. Nikaganda. Yaani niligandisha uso makusudi, mdomo wazi, ili wajue mtandao umekata.

"Pole na mtandao," mama akasema, "ila feni hapo nyuma yako inazunguka vizuri."

Kurudisha toleo la zamani lote haikufaa maana kazi ya siku mbili ya wenzangu ingepotea, ikabidi nitoe nakala ya toleo la kabla ya dhambi, nichukue safu ya umri tu, niibandike upya huku nahakiki namba moja moja mpaka alfajiri. Bibi akapona mimba. Ila wa India hajaifuta ile aya mpaka leo, anasema imekaa vizuri mno, anaitafutia utafiti mwingine.