Wa Houston alalamikia kovu, wa Mwaloni aogopa kisu

Mwenzangu wa kazini hapa Houston katolewa uvimbe kwenye kizazi kwa roboti. Asubuhi kaingia hospitali, jioni karudi kwake. Juzi nampigia kumpa pole, ananilalamikia kwamba makovu yatamharibia vazi la kuogelea. Makovu yenyewe hata sentimita moja hayafiki! Nikacheka, kisha hasira zikanipanda.

Mama mdogo wangu anauza dagaa pale soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Aliubeba wake mpaka majirani wakaanza kumpa hongera ya mimba. Siyo kwamba alikuwa mjinga. Alijua akichanwa tumbo ni wiki sita hivi bila kunyanyua gunia, na wateja wa dagaa hawamsubiri mtu. Alipozidiwa kwa kutokwa damu ndipo akakubali, na ndugu tukatafutana wa kuchangia damu. Ulitoka uvimbe kama embe dodo.

Najua mtakachosema. "Kashasahau kwao huyu. Glavu zenyewe tunanunua, yeye anatuletea habari za roboti." Tulieni basi. Nani kasema hospitali ya Bugando wauze kile kilima chao? Mashine moja inafika dola milioni 2, hapo hujagusa matengenezo. Na haikati yenyewe: daktari anakaa pembeni, macho kwenye picha iliyokuzwa, anaiendesha kwa mikono na miguu. Huku kwenyewe imeruhusiwa kwa upasuaji wa kina mama tangu 2005, lakini hawaiabudu. Mwaka 2018 utafiti ulionyesha kuwa kwa saratani changa ya mlango wa kizazi, waliotolewa kizazi kwa matundu madogo, kwa roboti au bila roboti, walifariki wengi kuliko waliochanwa.

Mimi nagombea tundu dogo kwa uvimbe usio saratani, pale unapofaa. Kamera na vyuma virefu vya kushika mkononi vinaifanya kazi hiyo bila roboti, na mgonjwa haoni tofauti kubwa. Madaktari wetu mikono wanayo; mshono wa mama mdogo umenyooka kama rula. Wapeni vifaa na mafunzo, na mgonjwa wa kawaida avipate, siyo mpaka awe na bima nono.

Halafu kuna yule wa "wanawake wa Kanda ya Ziwa ni wagumu, atapona tu". Atapona, ndiyo. Hizo wiki sita, nani atauza dagaa wake? Wewe?