Kabla ya Msumeno, Mizani

Mtu akiamua kujenga mwenyewe veni ya kulala inayovuta magurudumu yote manne, maswali yake ya kwanza huwa yale yale. Ninyanyue gari inchi ngapi? Nifunge tairi kubwa kiasi gani? Winchi ya uwezo gani? Mimi nina swali jingine: gari lako likiwa tupu lina kilo ngapi, na kila ekseli, yaani mhimili unaobeba magurudumu mawili, inabeba ngapi? Wengi hawajui. Wameshakata mbao, wameshatoboa paa, na bado hawajui.

Msimamo wangu ni huu, na sitaulegeza: veni ya safari ndefu za nchi kavu huharibiwa na uzito kabla barabara haijaanza kazi yake. Mtu analipa pesa nyingi apate gari linalovuta mbele na nyuma, kisha analijaza makabati, matangi na betri mpaka ile faida aliyoinunua inayeyuka. Springi zinalala, tumbo la gari linashuka, tairi zinapata moto, breki zinakufa kwenye mteremko mrefu. Kuvuta kwa magurudumu manne hukusaidia kuondoka ulipokwama. Hakukusaidii kusimama, wala hakunyanyui difu, ile giaboksi ndogo ya katikati ya ekseli, iliyokaa juu ya jiwe.

Tupige hesabu. Ulaya, veni nyingi kubwa zimeandikishwa kwa uzito wa juu wa kilo 3,500, maana huo ndio umekuwa mpaka wa leseni ya kawaida ya daraja B. Tuseme ya kwako ni ndefu, ina paa la juu, inavuta kote, tangi la mafuta limejaa, na mizani inasoma kilo 2,500. Zimebaki 1,000. Watu wawili na nguo zao, toa 200. Maji lita 100 ni kilo 100, halina mjadala. Tairi la akiba, jeki, koleo, mbao za kutandika kwenye mchanga, pampu ya upepo na zana, toa 120. Chakula, vyombo, viti na friji, toa 100 nyingine. Zimebaki kilo 480, na bado hujaweka kitanda, ukuta, kabati, betri wala paneli moja ya sola. Ujenzi uanzie hapo: una kilo 480, zigawe.

Kwa hesabu hiyo plaiwudi inakuwa jambo zito kweli. Karatasi ya futi 8 kwa 4 ya plaiwudi ya mti wa birch, ile inayopendwa na wajenzi wa veni, ikiwa na unene wa milimita 18 ina kilo 36 hivi. Ya milimita 12 ina kilo 24. Kazi ikila karatasi nane, tofauti ni kilo 96, karibu uzito wa tangi zima la maji, na hakuna atakayelala vibaya kwa sababu ubao wa kitanda ni mwembamba. Fundi wa makabati ya nyumbani atakwambia chini ya 18 hakuna kabati. Mheshimu, lakini usimfuate. Kabati lake halijawahi kupigwa mtikisiko saa sita mfululizo. Ndani ya veni uimara hutokana na pembe zilizofungwa vizuri na fremu nyepesi, alumini kwa mfano, na milango inaweza kuwa ya milimita 9. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba ni ekseli ya nyuma.

Ekseli hiyo ndiyo inayonitia hofu kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu jumla ya uzito inaweza kuwa sawa na bado gari likawa baya. Wajenzi wengi hupenda kuweka tangi la maji na betri nyuma kabisa, chini ya kitanda, maana ndiko kwenye nafasi. Angalia kinachotokea. Ukiweka kilo 100 mita moja nyuma ya ekseli ya nyuma, kwenye veni yenye mita 3.6 kati ya ekseli na ekseli, ekseli ya nyuma haibebi 100. Inabeba karibu 128, na zile 28 zimetolewa mbele, kwa sababu mzigo ulioning'inia nyuma unanyanyua pua. Ukiongeza tairi la akiba mlangoni na boksi la zana kando yake, magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi, ilhali ndiyo yanayokata kona na ndiyo uliyolipia ili yavute. Tangi likae katikati ya ekseli mbili, chini kadiri inavyowezekana. Betri vivyo hivyo. Nyuma kabisa weka magodoro, blanketi na nguo.

Ushahidi mzuri ni veni ya Volkswagen T3 Syncro, iliyotoka mwaka 1985 kwa ushirikiano na Steyr-Daimler-Puch, na kuunganishwa Graz, Austria. Watu huisifu kwa ule uunganishi wake wa mafuta ya silikoni, unaopeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele pale ya nyuma yanapoanza kuteleza. Sifa hiyo ni ya haki. Lakini gari lile lilikuwa fupi, pua na mkia havikujitokeza sana, lilikuwa na gia ya ziada ya mwendo wa polepole na nguvu nyingi kwa ajili ya njia mbovu, na mteja aliweza kuagiza difu ya kufunga, inayolazimisha magurudumu mawili ya ekseli kuzunguka pamoja. Mwenye veni ndefu ya kisasa akiona veni kuukuu inapanda mahali yeye ameshindwa, husema, "Mfumo wao ulikuwa bora." Mimi naangalia urefu wa mkia wa veni yake ya kisasa na kilo zilizo ndani.

Ukichagua gari, jua linavuta kwa namna gani, maana matunzo yanatofautiana. Mifumo inayovuta kote muda wote, au inayojiunga yenyewe, inataka tairi nne za ukubwa mmoja na zilizolika kwa kiasi kimoja. La sivyo magurudumu ya mbele na ya nyuma yanazunguka kwa kasi tofauti kila wakati, na uunganishi unachoka bure. Ndiyo maana tairi la akiba nalo liingizwe kwenye mzunguko wa kubadilishana. Magari ya kuunganisha kwa mkono, kama Mitsubishi Delica za zamani, usiyaendeshe kwenye lami kavu yakiwa yameunganishwa. Kwenye kona magurudumu ya mbele yanakwenda umbali mrefu kuliko ya nyuma, na tofauti hiyo ikikosa pa kutokea inaishia kwenye propela na giaboksi. Na kama gari lina gia za lo, yaani zile za mwendo wa polepole na nguvu nyingi, usilibadilishe kwa lisilo nazo kwa sababu tu jipya lina skrini kubwa.

Kuhusu kufunga vitu ndani, napenda watu waangalie kwa macho yao. Baada ya siku nzima kwenye barabara ya vumbi yenye mikunjo kama bati, fungua kabati, piga magoti, umulike kona ya chini kwa tochi. Utaona skrubu iliyojizungusha yenyewe mpaka nusu iko nje, unga wa mbao umejikusanya chini ya tundu, na pale kona ilipokuwa inasugua ukuta rangi imeondoka na chuma kinang'aa. Wiki chache za unyevu, chuma hicho kitaota kutu. Bodi ya veni hujipinda gurudumu moja likiwa juu ya tuta na jingine shimoni, kwa hiyo kabati lililobanwa kuta zote mbili bila nafasi litapasuka au litavuta bati. Acha upenyo wa milimita chache, weka mpira kati ya mbao na chuma, funga kwa bolti kwenye matundu ya kiwandani, na kila tundu jipya ulilotoboa lipake rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo.

Umeme ni mahali ambapo pesa kweli hununua wepesi. Betri ya lithiamu ya chuma-fosfati ya volti 12.8 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,280, na uzito wake ni kilo 12 hivi. Ya risasi ya ukubwa huo ina karibu kilo 30, na ukitaka idumu unatumia nusu yake tu, kwa hiyo utahitaji mbili. Kilo 12 dhidi ya 60! Ila betri ya lithiamu isichajiwe joto likiwa chini ya nyuzi 0, isiunganishwe moja kwa moja na alteneta bila chaja ya katikati, maana inaweza kuvuta mkondo mwingi mpaka alteneta iungue, na fyuzi ikae karibu kabisa na betri.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na hutuama sakafuni, hivyo boksi la mtungi liwe na tundu la kutokea nje upande wa chini. King'ora cha kaboni monoksidi, ile gesi ya sumu isiyo na harufu, kisikosekane. Hivyo viwili sivipunguzii kilo hata moja.

Ukimaliza, rudi mizani gari likiwa kamili: maji yamejaa, watu wamo, chakula kimo. Pima ekseli ya mbele peke yake, kisha ya nyuma, ulinganishe na kibandiko cha kiwandani kwenye fremu ya mlango. Nyuma ikizidi, fundi atakupendekezea springi ngumu zaidi. Kabla ya kukubali, toa vitu. Springi mpya zitanyanyua mkia, lakini breki, beringi na ekseli ni zile zile, na uzito ulioandikwa kwenye kibandiko haubadiliki.