Hasira zikipanda, ni nani aliyepanda?

Usiku wa tatu wa matanga ya baba, baba mdogo alikohoa kidogo, kisha akauliza hati ya nyumba imewekwa wapi. Mama alikuwa chumbani na wanawake wenzake, sauti imemkauka kwa kulia. Joto lilinianzia tumboni likapanda hadi kooni, mikono ikatetemeka. Nilitoka, nikasimama nyuma ya banda la kuku, nikafanya jambo ambalo hadi siku ile nilikuwa nimelisoma tu. Niliiuliza hasira yangu: ukinyamaza usiku huu, unaogopa kitatokea nini? Jibu lilikuja upesi kuliko nilivyotegemea. Mama atatolewa humu ndani.

Swali lenyewe nimeliazima kwa Richard Schwartz, Mmarekani aliyesomea tiba ya familia. Miaka ya 1980 alikuwa na wagonjwa wanaokula kupita kiasi kisha wanajitapisha. Walimweleza kwamba ndani yao kuna sehemu zinazobishana: moja inawatukana mchana kutwa, nyingine inakimbilia chakula ili matusi yanyamaze, nyingine imejikunyata pembeni kama mtoto aliyepigwa. Kwa kuwa kazi yake ilikuwa kusuluhisha familia zilizogombana, aliamua kuusuluhisha ugomvi huu kwa njia ileile, na tiba akaiita Mifumo ya Familia ya Ndani. Kuna wasimamizi, wanaopanga maisha ili usiumie. Kuna wazimamoto, wanaorukia pombe, ukali au simu pale maumivu yanapowaka. Kuna waliofungiwa, wanaobeba maumivu ya zamani. Na nyuma ya wote ipo Nafsi, tulivu, ambayo Schwartz anasema hakuna balaa linaloweza kuiharibu.

Mwanzoni nilidhani tunauziwa mali yetu wenyewe. Kiswahili kinalo neno "nimekasirika", lakini jambo likizidi hatulitumii hilo. Hasira hupanda. Hofu huingia. Simanzi hushika, uchungu hujaa, nafsi humsuta mtu. Tayari lugha imemweka mwenye hisia upande mmoja na hisia upande wa pili, na huo umbali mdogo ndio nusu ya dawa anayoitoa Schwartz. Anayezidiwa haambiwi aache kuhisi. Anaambiwa aitafute hisia mwilini iko wapi, aiombe isogee kidogo ili wasikilizane. Akigundua kwamba anaichukia, basi chuki hiyo nayo ni sehemu nyingine, iombwe ikae pembeni ingoje zamu yake.

Ila nilipotazama tena nikaona tofauti, na hapa nampa Schwartz haki yake. Katika misemo yetu hisia ni mvamizi, na ushauri tunaopeana ni wa kumfukuza mvamizi: jikaze, meza mate, hasira hasara. Yeye anasema aliyepanda ni mlinzi wako mwenyewe, aliyewekwa langoni ukiwa na miaka saba, na mpaka leo hakuna aliyemwambia kwamba umeshakua. Hutamshinda kwa kumkemea, kwa sababu kukemewa ndiko kunakomfanya ashike rungu. Kwa Mwislamu hapo pana swali zito. Amefundishwa tangu madrasa kwamba ipo nafsi inayoamrisha maovu, ipo inayolaumu na ipo iliyotulia, na ya kwanza ni ya kupigana nayo. Schwartz anakataa kwamba kuna sehemu mbaya hata moja. Binafsi naona mtu anaweza kuisikiliza sehemu inayotaka kuua bila kuipa kisu, lakini sitajifanya kwamba mafundisho haya mawili ni kitu kimoja.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni pepo. Pwani, mganga anayepunga pepo naye huuliza: wewe nani, umetoka wapi, unataka nini? Pepo akishapanda kichwani hujibu, akadai kitambaa, pete, ubani au mbuzi, na wakapatana. Mwenye pepo huitwa kiti. Anayejua ngoma hizi akisikia habari za kuongea na sehemu za ndani atatabasamu, na ana haki: pande zote mbili zimegundua kwamba kupatana kunafaa kuliko kupiga. Lakini pepo ni mtu mwingine, na yale anayosema hayahesabiwi kuwa ya kiti. Sehemu ya Schwartz ni wewe, na utaijibia asubuhi. Chukua binti anayesema nyumbani kwao, "kuna kitu ndani yangu kinaniambia nijikate." Kwa mshauri aliyesomea kazi hii, hapo ndipo mazungumzo yanapoanza. Kwa shangazi yake, jini limeshajitaja, na gari la kwenda kwa mganga linatafutwa usiku huohuo. Na kama binti anasikia sauti kwa masikio, usiku hapati usingizi, anaamini majirani wanamfuata, basi kumwambia azipe sauti hizo majina ni kumzamisha. Huyo anahitaji hospitali.

Cha ajabu ni kwamba baadhi ya wafuasi wa tiba hii huko Marekani siku hizi wanazungumzia vitu vilivyomo ndani ya mtu ambavyo si sehemu yake, vilivyoingia kutoka nje. Niliposoma hayo niliweka kikombe chini. Wamezunguka mbali sana kufika kwenye ngoma ya pepo.

Je, ushahidi? Upo, ila mwembamba kuliko kelele. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 79 wa baridi yabisi: waliopata tiba hii waliripoti nafuu ya maumivu na ya sonona kuliko waliopewa elimu ya ugonjwa pekee. Mwaka 2021 ukaja mwingine wa watu wazima 17 wenye kiwewe cha utotoni. Dalili zao zilipungua, lakini hapakuwa na kundi la kulinganisha nalo, na Schwartz alikuwa miongoni mwa waandishi. Kwa tiba iliyokwishafanyiwa kazi karibu miaka 40, hicho ni kibaba, si pishi. Tena tafiti hizo zilikuwa na mtaalamu chumbani. Kijana anayejifunza kwa video peke yake saa sita usiku, akafungua mlango wa yule aliyefungiwa tangu utotoni, hana wa kumshika mkono yakifurika. Kumwomba mlinzi asogee ni jambo ambalo naweza kumshauri rafiki ajaribu. Kumfungulia mfungwa, hapana, asiwe peke yake.

Narudi nyuma ya banda la kuku, kwa sababu kisa changu kina ushahidi wa pande zote mbili. Swali lile lilinisaidia: nilirudi ndani nikakaa, sikumtukana baba mdogo mbele ya wafiwa, na ukoo haukupata kisingizio cha kusema mtoto hana adabu. Lakini hasira ile haikuwa mlinzi wa zamani aliyepitwa na wakati. Iliona sawasawa. Laiti ningeishia kuituliza, nikajisifu kwa utulivu wangu, mama angejikuta nje na mafurushi. Hapa ndipo tiba za ndani hupungukiwa, na ya Schwartz si peke yake: mwanamke anayepigwa, au mfanyakazi asiyelipwa miezi mitatu, anaweza kufundishwa kuzipatanisha sehemu zake vizuri sana huku aliyemzidishia mzigo akiendelea na shughuli zake. Kilichompa mama usingizi kilikuwa muhtasari wa kikao cha ukoo na uteuzi wake Mahakama ya Mwanzo kuwa msimamizi wa mirathi, na ilituchukua safari nyingi na nauli nyingi.

Baba mdogo akinipigia simu, joto lile bado linaanza tumboni. Naliambia nimelisikia. Siku nyingine linasogea nikapokea, siku nyingine naiacha simu iite mpaka ikate, nampigia kesho yake.