Adui tuliyemuua bila kumjua

Buibui Mweusi, adui mkuu wa mchezo wetu wa mezani, alikufa Jumapili, saa kumi na moja jioni, kwa dadu la pande ishirini lililobiringika hadi chini ya kiti cha plastiki na kutulia kwenye 19. Tulipiga kelele mpaka mama wa nyumba ya pili akachungulia juu ya ukuta. Kelele zilipoisha, mdogo wetu anayecheza mwizi akamuuliza yaya, yaani kaka mkubwa kwa Kiswahili chetu, kwa upole kabisa: "Yaya, huyu tuliyemuua alikuwa nani?"

Baraza lote kimya. Tulikuwa tumetumia miezi kufika pale. Yaya anayetuongozea mchezo alifunua kitabu, akakifunga, akasema tutaelezana wiki ijayo. Dada yake, ambaye hachezi ila husoma kila kisa kinachoingia nyumba ile ya Kamalondo, hapa Lubumbashi, alikuwa pembeni akichambua mboga za lengalenga za usiku. Hakuinua hata macho. "Niliwaambia," akasema.

Kweli alituambia, na ndiyo maana ninaandika. Je, kisa cha mchezo kilichochapishwa kinahukumiwa na aliyekisoma au na waliokicheza? Nyumba moja ina majibu mawili, na mimi nimekaa katikati nikila karanga za pande zote mbili.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: watu wanakaa mezani, kila mmoja ana mhusika wake, mwongozaji anaeleza dunia waliyomo, na madadu yanaamua mambo yanapokuwa na shaka. Dungeons & Dragons, ulio maarufu kuliko yote, ulitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Mwongozaji anaweza kutunga kisa mwenyewe, au akanunua kilichotungwa, chenye ramani, wakazi, maadui na hazina. Chetu ni Lost Mine of Phandelver, kijitabu cha kurasa 64 kilichokuwamo katika kisanduku cha wanaoanza cha mwaka 2014. Kilifika Lubumbashi katika begi la shemeji aliyetoka Johannesburg, katikati ya viatu. Mnasindikiza gari la mizigo kwenda mji mdogo wa Phandalin, mnavamiwa njiani, na kamba ya matukio inawavuta hadi kwenye mgodi uliopotea miaka 500 iliyopita.

Hoja ya dada ni nyepesi kueleza na ngumu kuipangua. Anasema meza, yaani kundi linalocheza, haiaminiki kama shahidi. Meza moja ina mwongozaji hodari, nyingine ina mtu anayesoma kama anasoma notisi ya mazishi. Siku moja madadu yanawapenda, siku nyingine yanawakataa. Mchezaji mmoja mchekeshaji anaweza kuokoa jioni nzima, kisha sifa zikaenda kwa mwandishi ambaye hata hajui Kamalondo iko wapi. Na tena, kisa kimoja kinakula miezi. Anayesubiri kucheza vyote ndipo aseme, atazeeka na visa vitatu kichwani. "Ninapoona chapati imeungua," alisema, "sihitaji kuimaliza."

Kuhusu Buibui Mweusi alikuwa ameona mapema. Katika kitabu, adui huyu anatajwa hapa na pale, vibaraka wake wanatangulia, lakini mwenyewe anakutana na wachezaji kwenye mgodi tu, mwishoni kabisa. Hana siku ambayo amewadhulumu uso kwa uso, hakuna deni la binafsi. Msomaji makini analiona hilo kwa jioni moja. Sisi lilituchukua miezi.

Sasa sikilizeni na yaya, maana dada huyo huyo alisoma kitu kingine akakosea. Katika magofu ya Thundertree kuna joka la kijani ndani ya mnara. Pumzi yake ya sumu ni madadu 12 ya pande sita, wastani wa pointi 42 za madhara, na wahusika wanaofika pale mara nyingi ni wa ngazi ya tatu, wenye uhai wa 20 na kitu. Dada alipiga hesabu hiyo kwenye kikaratasi akaandika chini yake: *mauaji*. Kwa hesabu, hajakosea hata tarakimu.

Meza ilifanya nini? Tulipofika, mganga mzee anayeishi katika magofu yale alituonya, kama kitabu kinavyomwelekeza. Wawili wakataka kwenda. Mwizi wetu akaomba kwanza apande ukutani achungulie. Yaya akamweleza mkia ulioning'inia dirishani, basi, hakuongeza neno. Tukajadiliana karibu saa nzima, umeme ukakatika tukaendelea kwa taa za simu, na mwisho tukaondoka kwa kunyata, kila mtu akitupa dadu lake huku ameshika mdomo. Hakuna aliyepigwa, hakuna hazina iliyopatikana, na mpaka leo ndiyo jioni inayosimuliwa zaidi. Joka lile ni zuri kwa sababu unaweza kuliacha. Hilo halikai kwenye hesabu. Linakaa kwenye uhuru wa kugeuka, na uhuru huo hauonekani vizuri mpaka kuwe na watu wanaoutumia.

Ndivyo ilivyokuwa hata kwa gobilini, kiumbe mkorofi wa hadithi, wa pango la kwanza. Anamshikilia mateka, na anawapendekezea wachezaji: niulieni mkubwa wangu, nitawaachia mtu wenu. Kwenye karatasi ni aya chache. Mezani kwetu mama mmoja anayeuza vitenge alichukua usukani, akamshusha gobilini bei kama mnunuzi wa jumla aliyeamka na hasira, akapata mateka pamoja na nusu ya mizigo iliyoibwa. Mwandishi alikuwa ametoa kitu kidogo chenye mlango mkubwa. Ukinibana niseme kisa kizuri ni kipi, nitakuonyesha aya ile.

Lakini kitabu hicho hicho, saa moja tu kabla ya mlango ule, nusura kituzike. Shambulio la kwanza ni magobilini wanne kwa wahusika wa ngazi ya kwanza. Mshale mmoja wa gobilini unatoa kati ya pointi tatu na nane. Mchawi anayeanza ana uhai wa sita, au nane akibahatika. Mshale mmoja tu, yuko chini. Kwa kisanduku kinachodai kuwakaribisha wageni, hiyo ni karibisho ya kumwagia mtu maji mlangoni. Yaya alitupa madadu yake nyuma ya ubao, tusiyaone, na nina shaka kubwa kwamba alidanganya mara mbili ili tuishi. Simlaumu. Ila hapo ndipo ubishi unapoacha kuwa wa dada na kaka, ukaanza kuninyima usingizi mimi.

Maana ushahidi wa meza umeshikwashikwa na mkono wa yaya. Mfano mkubwa ni mgodi wenyewe.

Watu wengine huko duniani hufika kwenye mgodi uliopotea wakaona pango la hadithi. Lubumbashi huwezi. Mchezaji wetu mmoja amezaliwa Kipushi, kilomita 30 hivi kutoka hapa. Yaya alipomaliza kueleza mashimo yaliyoachwa miaka 500, kijana akaweka dadu chini: "Na maji?" Yeye anajua. Mgodi wa kwao ulisimama 1993, pampu kuu ilipokufa mwaka 2011 maji yakapanda shimoni, na uzalishaji haukurudi mpaka 2024. Miaka 500 bila pampu, tunaingiaje kwa miguu? Nguzo zimeoza vipi? Hewa inatoka wapi? Kitabu kinaeleza mvumo wa mawimbi unaorudi rudi ndani ya pango, ndiyo asili ya jina lake, lakini hakikuandikwa kwa watu wanaouliza habari za pampu.

(Meza hiyo hiyo ilikuwa imekwisha kununa kuhusu fedha. Katika kanuni za mchezo huu, vipande 100 vya shaba ndivyo vinavyofanya kipande kimoja cha dhahabu. Katika mkoa ambao mababu walitumia misalaba ya shaba kama fedha, hilo lilipokelewa kama tusi.)

Yaya alikaa kimya kidogo, akajikuna ndevu, kisha akasema: mvumo ule ndio pampu. Ni uchawi wa wachimbaji wa kale unaosukuma maji nje hadi leo, na siku hizi umeanza kuchoka. Hapo akagonga meza kwa ngumi, du, akasubiri, du, akasubiri zaidi. Tangu dakika ile hatukuwa tunatafuta hazina tena, tulikuwa tunahesabu mapigo. Kila pigo lilipochelewa, maji yalipanda kidole kimoja. Sijawahi kucheza kitu kitamu kama hicho, na hakimo katika kurasa 64.

Basi kisa ni kizuri? Yaya anasema ndiyo, kwa sababu kilimwachia nafasi. Dada anasema nafasi ni tundu lililopewa jina zuri. Unga ukiwa mbaya na mpishi akauokoa, msifuni mpishi, bukari, yaani ugali, isipewe cheti. Na mimi naongeza jambo ambalo wote wawili hawakulipenda: huenda ni maji yale yaliyomzamisha Buibui Mweusi. Tulikuwa na macho kwenye mapigo ya pampu, hatukumtazama mtu aliyekuwa amesimama mbele yetu. Kwa hiyo swali la mwizi, ambalo dada analitumia kama ushahidi kwamba alisoma vizuri, limechafuliwa na kiraka cha yaya sawasawa na sifa zote nyingine. Kitabu kilimwandika adui hafifu, kweli. Lakini sisi tulimaliza kazi.

Kuna visa ambavyo ubishi huu unaviendea kombo. Tomb of Horrors, kwa mfano, Gygax alikiandaa kwa ajili ya mashindano ya tamasha la michezo la Origins mwaka 1975, kikachapishwa 1978. Kuna uso wa shetani wa kijani wenye kinywa cheusi. Ukiingia humo, umekwisha, hakuna kurusha dadu la huruma. Ukikisoma leo ukitafuta hadithi, utakiona kikatili na kikavu. Ukikicheza na watu waliokuja kucheka, watakutupia kitabu. Lakini kilitengenezwa kupima wachezaji waliojiona hodari, na kukilaumu kwa ukali ni kama kuulaumu mtihani wa serikali kwa kuwa hauchekeshi. Kinyume chake ni The Keep on the Borderlands cha mwandishi huyo huyo, ambamo wakazi wa ngome wanatajwa kwa kazi zao tu, bila majina. Dada alikipa alama ndogo. Yaya aliwabandika majina ya mtaani kwetu, na mpaka leo mwenye baa wa ngome ile anadai madeni.

Lugha nayo inachuja, na hili nimeliona kwenye meza tu. Yaya anasoma Kiingereza, anahesabu kwa Kifaransa, anatuambia kwa Kiswahili chetu. Maandishi ya kusomewa wachezaji yakiwa sentensi mbili, yanavuka salama. Yakiwa kumi, yeye anatafsiri huku anatafuta maneno na mtu mmoja ameshakwenda kununua maji. Majina ya viumbe pia yana vituko. Elfe wa Kifaransa, kiumbe wa ngano, akipewa mwisho wa Kiswahili anakuwa elfu, kwa hiyo tuna elfu mmoja kwenye kundi na utani huo haujachakaa. Kwa wale watu wafupi wenye ndevu wa hadithi za Ulaya, kamusi inasema mbilikimo. Sisi tulikataa. Katika nchi hii neno hilo lina watu wake wa kweli, wenye majina yao, Wambuti na Batwa, na hakuna aliyetaka kuwaingiza katika mzaha. Tumebaki na naini, kutoka *nain* ya Kifaransa.

Mimi ninaegemea meza, lakini kwa sharti. Anayenisifia kisa kwa kuwa kilinoga, anionyeshe penseli yake: wapi alifuta, wapi aliongeza, dadu gani alilificha. Bila hiyo ananisimulia sifa za rafiki yake. Na msomaji tu nitamwamini kwenye vitu ambavyo karatasi haiwezi kuficha: ramani isiyolingana na maelezo, habari ya lazima iliyotawanywa kurasa tatu mbalimbali, adui asiyeonekana. Akianza kuniambia kwamba jambo fulani litachosha au litatisha, namsikiliza kama ninavyomsikiliza mtu anayenieleza ladha ya samaki ambaye bado yuko ziwani.

Wiki iliyopita kundi jingine, la huko Kipushi, liliomba kitabu. Yaya alitaka kukituma kama kilivyo, na maelezo yake yote pembeni, ili wapate pampu na mapigo. Dada akasema hapana, kitumwe kitupu. Walibishana mpaka lengalenga zikaungua. Nilichukua raba nikafuta mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa, ingawa kwenye ramani ya mgodi penseli ilikuwa imekandamizwa sana na ukiinamisha karatasi kwenye mwanga bado unaona neno *maji*. Kimeondoka Jumamosi. Kijana wetu wa Kipushi ameapa hatawaambia kitu.