Bia uwanjani, na yule anayeambiwa amkatalie mlevi

Kijana alikuwa na kitambulisho halali. Kilionyesha ametimiza miaka 21 wiki mbili nyuma, na picha ilikuwa yake. Lakini alikuwa ameilalia kaunta kwa viwiko vyote viwili, na alichotaka alikitaja mara tatu ndipo nikamwelewa. Nyuma yake foleni ilikuwa na watu kama arobaini. Robo ya tatu ya mchezo, kati ya robo nne za futiboli ya Kimarekani, ilikuwa imebakiza dakika nne, na kila aliyekuwa kwenye foleni alijua kwamba robo hiyo ikiisha, dirisha la bia linafungwa. Nilimkatalia. Nikamwambia, "Mwanangu, ngoja nikupe maji," na sikugundua kwamba nimesema kwa Kiswahili mpaka nilipoona anavyonitazama. Rafiki yake akanitukana, wakaondoka.

Dakika mbili hazikupita nikamwona tena, hatua chache kutoka nilipokuwa, akinywa bia. Rafiki yake alikuwa ameinunua dirisha la pili la kibanda chetu hichohicho, kwa mama mmoja mwenyeji wa Bukavu tunayeimba naye, ambaye hakuwa ameona lolote lililotokea upande wangu.

Mimi si mwajiriwa wa uwanja ule wala wa chuo. Ni mwanakwaya, naimba sauti ya tatu katika kanisa la Waswahili hapa Marekani: Watanzania wachache, Wakongo wengi, Warundi, na Wakenya wawili watatu. Vyuo vingi huku vina utaratibu wa kuvipa vikundi vya kujitolea vibanda vya chakula siku za mechi. Makanisa, bendi za shule, vilabu vya wazazi, wote huja na watu wao, wanauza kutwa nzima bila mshahara, na kikundi kinapewa sehemu ya mauzo. Sisi tuliuza bisi, soseji na soda misimu miwili. Zile fedha zilitununulia kinanda, na mara mbili zilisaidia kusafirisha mwili wa ndugu kwenda kuzikwa nyumbani. Kwa hiyo msinisome kama mtu anayekuja kuudharau ule uwanja. Umetufaa.

Msimu wa tatu tukahamishiwa kibanda cha bia. Tulielezwa kwamba mauzo ni makubwa zaidi, na ni kweli. Tulipewa mafunzo ya saa mbili: jinsi ya kusoma kitambulisho, dalili za mtu aliyelewa, maneno ya upole ya kumkatalia. Kisha tukavikwa aproni.

Kwa msomaji aliye Mwanza au Mombasa, nieleze kidogo ukubwa wa jambo lenyewe. Futiboli ya vyuo vya Marekani, ambayo si soka bali ule mpira wa umbo la yai unaobebwa mikononi, haifanani na michezo ya vyuo vyetu. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan, mjini Ann Arbor, una nafasi ya watu 107,601, wakati Uwanja wa Benjamin Mkapa unachukua 60,000. Jumamosi ya mechi mji mzima husimama. Tangu asubuhi watu huegesha magari kwenye viwanja vinavyouzunguka uwanja, hufungua milango ya nyuma ya pikapu, huwasha majiko ya kuchomea nyama, hupanga viti na masanduku ya barafu, na hunywa. Mechi ikianza saa tisa alasiri, kuna watu walioanza kunywa saa tatu asubuhi. Kule Oxford, Mississippi, kuna shamba la miti ndani ya chuo liitwalo The Grove ambalo siku hiyo hufunikwa na mahema, na familia zingine huja na taa za vioo na vitambaa vya meza. Mechi ya Georgia na Florida, ambayo kwa miaka mingi imechezwa Jacksonville, ilipata jina la utani la "karamu kubwa kuliko zote duniani ya kunywa nje," mpaka mwaka 2006 viongozi wa ligi wakaomba jina hilo lisitumike tena.

Lakini ndani ya uwanja, kwa miaka mingi, mtu wa kawaida hakuuziwa bia. SEC, umoja wa vyuo vikubwa vya kusini kama Alabama, Georgia na LSU, ulikataza kuiuza kwenye viti vya watu wote. Nasema viti vya watu wote kwa sababu vyumba vya kifahari vya juu, vile vya wafadhili, havikuguswa na katazo hilo. Tajiri alikunywa kwa utulivu nyuma ya kioo huku fundi bomba akificha kichupa ndani ya buti. Hoja hiyo ya usawa naiheshimu, na watetezi wa bia wangeshikilia hapo ningekuwa upande wao.

Katazo la SEC liliondolewa mwaka 2019. Masharti yalikuwa haya: bia na mvinyo tu, viuzwe kwenye vibanda maalumu na si kwa wachuuzi wanaopita kati ya viti, mtu asipate zaidi ya viwili kwa mara moja, kitambulisho kikaguliwe kila anaponunua, na mauzo yakome robo ya tatu inapoisha. Vyuo vikaingia kimoja kimoja. Ohio State walikuwa wameshaanza kuuza uwanja mzima mwaka 2016. Penn State wakaingia 2022, mwaka uleule wa Alabama. Michigan ilibidi wasubiri sheria ya jimbo ibadilishwe mwaka 2023, na uwanja wao ule wa Ann Arbor ukaanza kuuza mwaka 2024. Leo aliyebaki nje ndiye anayeshangaza. BYU kule Utah, chuo cha Wamormoni, ambao dini yao inakataza pombe, hawauzi tone.

Kila chuo kilipofungua vibanda vyake, neno lililotangulia lilikuwa usalama. Mfano unaorudiwa kila mahali ni wa West Virginia. Mwaka 2011, chini ya mkurugenzi wa michezo Oliver Luck, chuo hicho kilianza kuuza bia uwanjani, na polisi wa chuo wakasema matukio ya fujo yalipungua. Huo ni ukweli, na nilipousikia mara ya kwanza ulinitikisa, kwa sababu nilikuwa nimeshajiandaa kubisha. Kisha nikasoma zaidi. Msimu huohuo West Virginia walifunga mlango. Zamani mtazamaji aliruhusiwa kutoka wakati wa mapumziko na kurudi, na maelfu walitoka wakaenda kwenye magari yao kunywa pombe kali kwa haraka kabla ya kipindi cha pili. Mwaka 2011 hilo likakomeshwa: ukitoka, umetoka. Sasa, fujo zilipungua kwa sababu bia iliuzwa ndani, au kwa sababu chupa ya wiski kwenye pikapu haikufikika tena? Mimi naamini mlango ulifanya kazi kubwa kuliko bia. Lakini mlango hauingizi fedha, na sijasikia chuo kikijisifu kwa mlango.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota waliwahi kuwapima pumzi watazamaji waliokuwa wakitoka kwenye mechi za ligi za kulipwa, na matokeo yao ya mwaka 2011 yalionyesha kwamba asilimia 8 walikuwa wamelewa kupita kiwango cha sheria cha kuendesha gari. Waliokuwa wamekunywa kwenye maegesho kabla ya mechi walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, mara nyingi zaidi, wa kuwa kwenye kundi hilo. Ndivyo nilivyoona mimi dirishani. Mlevi wa kweli hakuwa yule aliyenunua kwangu makopo mawili kwa saa tatu. Alikuwa yule aliyefika kwangu ameshalewa, akiniomba nimwongezee.

Ndiyo maana sisemi bia iondolewe uwanjani. Ningependa hivyo, nakiri, lakini ningekuwa nasema kwa kupenda tu, maana wangerudi kwenye vichupa vya buti. Linaloniuma ni jambo jingine: nani amewekwa pale dirishani kusema hapana.

Fikiria uzito wa kazi yenyewe. Umri wa kununua pombe Marekani ni miaka 21. Ulilazimishwa na sheria ya mwaka 1984 iliyokata sehemu ya fedha za barabara kwa jimbo lolote lililoruhusu umri wa chini. Sisi Tanzania na Kenya ni miaka 18. Maana yake, wengi wa wanafunzi wa shahada ya kwanza walioujaza uwanja hawaruhusiwi kisheria kushika lile kopo, na wamekaa mguu kwa mguu na wanaoruhusiwa. Makopo mawili yakishatoka dirishani, moja hupewa nani? Sikuweza kujua. Tena katika majimbo mengi sheria humwajibisha anayemuuzia mtu aliyelewa waziwazi au asiyetimiza umri. Anayeuza. Pale kwetu ilikuwa mama wa miaka hamsini na tano aliyekuja kuchangia fedha za kinanda, ambaye Kiingereza chake ni cha sokoni, na ambaye anatakiwa kumtazama kijana wa kilo mia kwa sekunde tano na kuamua kama macho mekundu ni ya pombe au ya kulia kwa sababu timu inafungwa.

Mwaka 1999 huko New Jersey, kwenye mechi ya ligi ya kulipwa, mtu mmoja alitoa bakshishi akauziwa bia sita mahali ambapo kanuni iliruhusu mbili. Aliondoka na gari, akagonga gari la familia, na mtoto mdogo wa kike akapooza. Kesi ilizunguka mahakamani miaka mingi. Dola kumi ziliishinda kanuni nzima iliyoandikwa vizuri. Nilipokuwa dirishani nilikuwa na kikombe cha bakshishi mbele yangu, na zile bakshishi zilikuwa za kwaya. Kila niliyemkatalia hakuweka kitu, na kila niliyemfumbia macho aliweka. Hakuna aliyenihonga. Lakini naomba mtu mwenye busara aniambie kwa nini kikombe kile kiliwekwa pale.

Haya yote yanaeleweka ukifuata fedha. Ohio State walipata zaidi ya dola milioni moja kwenye bia ule msimu wa kwanza. Ni fedha nyingi kwangu, ni kidogo kwa idara yenye bajeti ya mamia ya mamilioni, lakini hali imebadilika. Juni 2025 mahakama iliidhinisha makubaliano ya kesi ya House dhidi ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, na tangu Julai mwaka huo vyuo vinaweza kuwalipa wachezaji wao moja kwa moja, na kikomo cha mwaka wa kwanza kilikuwa dola milioni 20.5. Nafurahi kwamba wachezaji wanalipwa. Wale vijana wamevunjwa magoti miaka mia kwa malipo ya ada tu. Ila fedha hizo lazima zitoke mahali, na bia ni chanzo ambacho hakihitaji kampeni. Msitegemee saa za kuuza zipunguzwe.

Nami sina haki ya kuwatazama Wamarekani kutoka juu. Nimekua nikiziona Simba na Yanga zikivaa Kilimanjaro kifuani, na Wakenya wana timu inayoitwa Tusker. Mpira na bia vilikuwa ndugu kwetu kabla sijapanda ndege. Tofauti ninayoiona ni kwamba chuo kikuu ni mlezi. Mzazi anamkabidhi mtoto wa miaka 18, analipa ada, anarudi nyumbani. Taasisi ya serikali ya Marekani inayochunguza madhara ya pombe inakadiria kwamba wanafunzi wa vyuo wapatao 1,500 hufa kila mwaka kwa ajali zinazohusiana na pombe. Vyuo vinazijua hesabu hizo, na vingi vina semina za kuwaonya wanafunzi wiki ya kwanza. Jumamosi inayofuata jina la chuo lilelile liko kwenye kopo. Baadhi wamefikia kutengenezewa bia yenye rangi na jina la timu yao.

Kama chuo kimeamua kuuza, kiuze kwa mikono yake. Dirisha la bia lisimamiwe na watu walioajiriwa, wenye mshahara ambao haupandi wala kushuka kwa idadi ya makopo, waliofunzwa kwa siku na si kwa saa, na wenye askari karibu wa kumwita. Kikombe cha bakshishi kiondoke. Madirisha yawe na njia ya kuambiana kwamba fulani amekataliwa, maana kibanda chenye madirisha manne yasiyosemezana ni milango minne. Mlango wa mapumziko ubaki umefungwa. Na sehemu ya mauzo, iliyotajwa kwa kiasi na kutangazwa, iende kwenye kituo cha ushauri cha wanafunzi, ambako katika vyuo vingi mtoto husubiri wiki kadhaa kumwona mshauri. Vikundi vya kujitolea virudishwe kwenye bisi, na kama wanataka kweli kutusaidia, watupe asilimia nzuri ya bisi.

Tulikaa kikao cha kwaya baada ya msimu. Kilikuwa kirefu. Wapo waliosema tunaacha fedha mezani, na mmoja wao alikuwa amepoteza kaka mwaka huo na alijua vizuri ni kiasi gani kilichotusaidia kumsafirisha. Sikuwa na jibu la kumtosheleza, na sikujaribu kulitunga. Yule mama wa Bukavu alisimama mwisho. Alisema hakulala usiku ule nilipomweleza kwamba yule kijana nilikuwa nimeshamkataa. Alimkumbuka rafiki yake, alikumbuka hata kopo. Alitaka kujua kama kijana alifika kwake salama, na hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kumwambia.

Fomu ya msimu mpya ilikuja mwezi uliopita. Ina miraba miwili, chakula na vinywaji. Katibu ameweka alama kwenye chakula.