Kamanda asikae kwenye bodi ya hisani ya askari wake

Niseme msimamo wangu mapema, msomaji asihangaike kuutafuta: mfuko wa hisani wa askari wa akiba haupaswi kuongozwa na kamanda wa askari hao hao. Asiwe mwenyekiti, asiwe hata mdhamini wa kawaida, yaani mjumbe wa bodi, hata kama ni mtu mwema kuliko wote kikosini. Najua wapo niliokaa nao mezani huku Uingereza ambao hawatafurahi kusikia hivi, kwa sababu mifuko mingi ya vikosi ndivyo ilivyoundwa tangu enzi. Mkuu mpya wa kikosi akikabidhiwa ofisi, anakabidhiwa na kiti cha mfuko. Akihamishwa baada ya miaka miwili au zaidi kidogo, anayekuja anarithi.

Askari wa akiba ninayemzungumzia ni mtu wa kujitolea mwenye kazi yake nyingine. Jeshi la akiba la nchi kavu la Uingereza lilianza rasmi tarehe 1 Aprili 1908, kutokana na sheria ya 1907 iliyosimamiwa na waziri wa vita Richard Haldane, na jina lake la leo, Army Reserve, lilianza kutumika 2014. Ndani yake utakuta fundi bomba, nesi, mwalimu, dereva wa lori. Jioni moja kwa wiki, mara nyingi Jumanne, anatoka kazini, anavaa kombati na kwenda kwenye ukumbi wa mazoezi. Kikosi cha mkoa kinamdai siku 27 kwa mwaka, kikosi cha wataalamu siku 19, na mara nyingi kambi ya wiki mbili ni sehemu ya hesabu hiyo. Akizitimiza hulipwa kifuta jasho cha mwaka kisichokatwa kodi. Nchi ikiingia vitani anaitwa, kama walivyoitwa maelfu kwenda Iraq mwaka 2003 na baadaye Afghanistan.

Taabu yake huanza anaporudi. Mwenzake wa jeshi la kudumu anarudi kambini, kwenye nyumba za jeshi, kwa majirani waliotoka kule kule. Yeye anarudi mtaani, na Jumatatu asubuhi yuko kazini na watu wasiojua alichokiona. Mwaka 2006 watafiti wa King's College London walichapisha kwenye jarida la The Lancet kwamba askari wa akiba waliokwenda Iraq walikuwa na matatizo zaidi ya afya ya akili kuliko wenzao wa akiba waliobaki nyumbani, wakati kwa askari wa kudumu tofauti ya namna hiyo ilikuwa ndogo mno. Mwaka huo huo Wizara ya Ulinzi ikaanzisha mpango maalumu wa afya ya akili kwa askari wa akiba.

Hapo ndipo mashirika ya hisani yanapoingia. SSAFA, lililoanzishwa 1885, humhudumia yeyote aliyewahi kulipwa na jeshi hata kwa siku moja tu, awe wa kudumu au wa akiba. Kuna mfuko mkubwa wa jeshi la nchi kavu ulioanzishwa 1944. Chini yao kuna mifuko midogo midogo ya vikosi, na hii ndiyo ninayoifahamu kwa karibu. Kwa kawaida mwenye shida huonana na mtu wa kujitolea, huyo huenda nyumbani kwake, akaandika mapato, madeni, idadi ya watoto, hali ya ugonjwa, kisha ombi linapelekwa kwenye mfuko wa kikosi na mingine inayoweza kuchangia. Utaratibu mzuri kabisa. Tatizo liko kwenye meza inayolipokea hilo ombi.

Nimekuwa mdhamini wa mfuko mmoja wa namna hiyo, na sitautaja. Maombi yalikuja bila majina, kila moja na namba yake. Lakini kikosi cha akiba ni kidogo. Ukisoma kwamba mwombaji ni mwanamke, dereva, ana watoto wawili, ameumia goti na wakala aliyemwajiri halipi siku za ugonjwa, unahitaji kuambiwa jina la nini? Siku hiyo ombi lilikuwa la kodi ya nyumba na boila, mtambo wa kupashia nyumba moto, iliyokufa katikati ya baridi. Kabla mhazini hajamaliza kusoma, kamanda aliinua kichwa akauliza, kwa sauti ya upole kabisa, kama huyu si yule aliyekosa kambi mwaka jana.

Pesa zilitolewa, na hakuna aliyepinga. Lakini fikiria kilichotokea pale. Mtu anayeamua nani apandishwe cheo, nani aende kozi, nani achukuliwe kwenye operesheni ijayo, ametoka kwenye kikao akijua madeni ya askari wake. Na askari si wajinga, wanajua nani anakaa kwenye bodi. Mwenye deni la kamari, aliyeachwa na mkewe, asiyelala usiku tangu arudi Helmand kule Afghanistan, hao ndio mfuko ulianzishwa kwa ajili yao, na hao ndio hawatajaza fomu. Kisha mwisho wa mwaka taarifa inasema maombi yalikuwa machache, na wadhamini wanatikisa vichwa kwa kuridhika kwamba vijana wako salama.

Sheria yenyewe inazidisha mtihani huu. Sheria ya Mashirika ya Hisani ya 2011 inahesabu kuongeza ufanisi wa majeshi kuwa lengo halali la hisani, sambamba na kuwasaidia wenye dhiki. Kwa hiyo mfuko mmoja unaweza, bila kuvunja sheria yoyote, kulipia safari ya kupanda milima na kulipia boila ya yule dereva, kama katiba yake inataja yote mawili. Sipingi milima. Vijana wanaotoa wikendi zao wanastahili safari nzuri, na kikosi chenye umoja kinawasaidia kubaki imara. Ila kamanda anapimwa kwa ufanisi. Wakubwa wake watamuuliza ameandikisha wangapi na wangapi wamehudhuria kambi. Hakuna atakayemuuliza ni wajane wangapi walipata mafuta ya kupashia nyumba moto. Pesa zikiwa chache na yeye ndiye mwenyekiti, mizani imekwisha kuegemea upande mmoja kabla kikao hakijafunguliwa, na wala si kwa ubaya wa moyo wake.

Na mdhamini, kisheria, anatakiwa kuamua kwa maslahi ya shirika tu. Tume ya Mashirika ya Hisani inawataka wadhamini waitambue migongano ya maslahi na kuishughulikia. Haikatazi kamanda kukaa. Lakini mgongano unaojitokeza kwenye karibu kila ajenda hautibiwi kwa mtu kutoka nje ya chumba dakika tano, maana atatoka kikao kizima.

Nimesikia jibu la wanaotetea utaratibu huu mara nyingi: kamanda ndiye anayewajua vijana. Ni kweli, na ndiyo maana nataka awe wa kwanza kumwelekeza askari mwenye shida kwa watu wa ustawi. Athibitishe kwamba mtu alitumikia kikosi. Aje mara moja kwa mwaka kuwaeleza wadhamini hali ya vijana kwa ujumla, kisha aende zake. Kura asiwe nayo, na faili za watu asizione.

Wengine wanasema basi tuwaweke maofisa wastaafu. Wanafaa, lakini wasijae. Nimeona kwa macho yangu sajenti mstaafu mwenye akili ya hesabu kuliko sote akinyamaza kwa sababu kanali mstaafu ameshasema. Wote wawili walikuwa raia, wote wana kura moja moja, na bado cheo kilikuwa kimekaa katikati yao mezani. Mwenyekiti raia, asiyewahi kupigiwa saluti na yeyote mle ndani, anaweza kumgeukia sajenti na kumwambia: hebu tupe maoni yako wewe kwanza. Nataka pia askari wa akiba wa vyeo vya chini aliyeondoka karibuni, na nataka mtu anayewajua waajiri, kwa sababu nusu ya shida za askari wa akiba zinatokea kazini kwake. Na muda uwe na mwisho. Mwongozo wa utawala bora unaotumiwa na mashirika ya hisani huku, katika toleo lake la 2017, ulitaka mdhamini anayepita miaka tisa afanyiwe tathmini kali, na ungekuta baadhi ya mifuko ikitii hilo, viti vingebaki wazi kesho.

Marekani ilitupa funzo la bodi isiyouliza mapema. Wounded Warrior Project, shirika lililoanza 2003 na linalowasaidia waliojeruhiwa vitani, wakiwemo wa akiba, lilikuwa linakusanya mamia ya mamilioni ya dola kwa mwaka. Januari 2016 CBS News na The New York Times waliripoti malalamiko ya wafanyakazi kuhusu matumizi ya kifahari kwenye safari, hoteli na mikutano. Machi bodi ikawaondoa mtendaji mkuu na mkuu wa uendeshaji. Shirika lilikanusha sehemu ya yaliyosemwa, na linaendelea na kazi hadi leo, lakini michango ilishuka sana, na aliyeumia ni mwenye mguu wa bandia. Maswali yale yalipaswa kutoka kwenye bodi, tena mapema, kabla ya waandishi wa habari.

Nikifikiria haya nafikiria na nyumbani Tanzania. Majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera mwaka 1978, mgambo walichukuliwa kutoka vijijini na makazini, wakapigana hadi Kampala ilipoanguka Aprili 1979. Kisha wengi wakarudi kwenye mashamba yao. Wazee hao leo wana umri wa kuuguzwa, na wengine hawana hata karatasi ya kuonyesha walikuwa wapi. Ningependa kuona wana wilaya wakiwaundia mfuko, hata mdogo, uliosajiliwa chini ya sheria ya mashirika yasiyo ya kiserikali ya 2002, unaotoa taarifa zake kila mwaka. Na wakiunda, mtu wa kwanza atakayependekezwa kuwa mwenyekiti ni mshauri wa mgambo wa wilaya, ofisa wa jeshi anayesimamia mgambo, kwa heshima tu. Wamshukuru, wamwombe orodha ya majina, na uenyekiti wampe mwalimu mstaafu au muuguzi wa zahanati, mtu ambaye mzee wa Kagera anaweza kumweleza kwamba hana hela ya dawa.