Nina Nyimbo 11,000, Nasikiliza Mmoja

Nina nyimbo 11,000 na gari moja, na vitu hivyo viwili havijapata kuelewana tangu siku nilipovikutanisha. Hadi hivi karibuni, kila asubuhi nilipowasha gari nyumbani Mbagala, tayari kwa safari ya kwenda kazini Posta, mambo matatu yalifuatana kwa utaratibu usiobadilika: kwanza mwanamke wa Kijapani alinisemesha kutoka chini ya dashibodi, kisha saa ya redio ilionyesha saa sita kamili za usiku ilhali jua lilikuwa limekwisha kupanda, halafu spika zote nne zililipuka kwa sauti za watoto wa chekechea wanaohesabu moja hadi kumi. Mimi ni mtu mzima wa miaka 54, tena ni mhasibu. Kuhesabu ninajua.

Nianze na huyo mama wa Kijapani, maana yeye alinitangulia kuingia garini. Gari lenyewe liliundwa Japani mwaka 2002, na kwa miaka mitano ya kwanza niliamini kwamba alikuwa ananisalimu, kwa hiyo kwa kuwa nimelelewa vizuri nilikuwa namjibu, "Salama mama, na wewe pia." Mpwa wangu, ambaye ana programu ya kutafsiri lugha kwenye simu yake, ndiye aliyenifungua macho. Kumbe mama anasema kwamba kadi ya kulipia barabara kuu haijachomekwa. Yaani kwa miaka mitano nzima nilikuwa nakumbushwa ushuru wa barabara za Japani nikiwa katikati ya Kilwa Road, nami najibu salama.

Redio iliyokuja na gari nayo ilikuwa na mawazo ya kwao. Masafa ya FM ya Japani yalikuwa yakianzia megahezi 76 na kuishia 90, ilhali ya kwetu yanaanzia karibu na 88 na kupanda hadi 108, hivyo redio ile ilikuwa inasikia vituo vichache vilivyojibana mwanzoni mwa mstari, na vingine vyote ilivihesabu kuwa havijazaliwa. Chini ya kioo chake palikuwa na kijitundu cha kuingizia MiniDisc, aina ya visahani vidogo ambavyo Sony walivitoa mwaka 1992 na ambavyo mimi sijawahi kuviona vikiuzwa Kariakoo hata siku moja. Binti yangu Nasra, akiwa na miaka minne, alikifanya kijitundu hicho kuwa benki yake ya kwanza, akaweka humo sarafu tatu za shilingi mia mbili. Fedha hizo hazijatoka hadi leo.

Nikashauriwa kununua kidude cha kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara, ambacho husoma nyimbo kutoka kwenye flashi na kuzirusha kwa mawimbi ya FM ili redio ya gari izidake kana kwamba ni kituo cha kawaida. Wazo ni zuri, isipokuwa linahitaji nafasi tupu katika masafa, na katika kile kipande cha megahezi mbili ambamo redio yangu na kidude changu viliweza kukutana, nafasi tupu ilikuwa adimu kama kiti cha daladala saa kumi na moja jioni. Nikipata mahali patulivu Rangi Tatu, wimbo huanza kukwaruza nikifika Mtongani, na nikikaribia mjini huingia mtangazaji wa kandanda akishangilia bao katikati ya ubeti wa majonzi. Siku moja pale Mtoni kwa Azizi Ali, foleni ikiwa imetusimamisha bega kwa bega, redio yangu iliacha dansi ghafla na kuanza singeli kwa kasi ya kutisha. Nikapiga dashibodi kofi. Nikachomoa flashi, singeli ikaendelea. Nikairudisha, singeli haikujali. Ndipo nilipogeuka kumtazama kijana wa gari la kulia, nikamkuta naye anaipiga kofi dashibodi yake, kwa sababu kwake kulikuwa kunalia gitaa la mwaka 1974. Tulikuwa na vidude vya aina moja, vimetegwa katika masafa yaleyale, na kila kimoja kilikuwa kimehamia kwa jirani. Tulipungiana mikono kama wakwe.

Hizo nyimbo zenyewe sikuziokota barabarani. Nilizikusanya tangu zama za kaseti, wakati ule unampelekea mwenye duka karatasi yenye orodha yako na kanda tupu ya dakika 90, kisha unarudi baada ya siku mbili. Baadaye nilikaa kwenye kompyuta usiku baada ya usiku nikizigeuza kanda hizo kuwa mafaili. Matatizo yake anayaelewa mpenzi wa dansi tu. Nyimbo za zamani zilizotoka kwenye santuri ndogo zilikatwa vipande viwili, upande mmoja wa santuri sehemu ya kwanza, upande wa pili sehemu ya pili, ambayo ndiyo yenye magitaa ya kuchezea. Tena kuna bendi ambayo ilianza mwaka 1964 kama NUTA Jazz, jumuiya ya wafanyakazi iliyoimiliki ilipobadilishwa jina bendi nayo ikawa JUWATA, halafu ikawa OTTU, na sasa ni Msondo Ngoma, kwa hiyo katika mpangilio wangu wa kialfabeti watu walewale wanakaa katika folda nne tofauti kama wanandoa waliotengana. Mke wangu alinishauri niwaweke pamoja. Nilimweleza kwamba kumbukumbu za hesabu hazichezewi.

Hatimaye nilikata shauri kununua redio mpya yenye tundu la flashi. Fundi mmoja wa Gerezani aliniuzia na kuifunga kwa laki moja na themanini, nikamlipa elfu themanini taslimu, na laki iliyobaki tukakubaliana kwa maneno. Nyumbani nilimwambia Mama Nasra kwamba redio imenigharimu elfu themanini, kauli ambayo kihasibu haikuwa uongo, maana ndiyo fedha iliyokuwa imetoka mfukoni hadi tarehe hiyo.

Nikanunua flashi ya gigabaiti 64. Kompyuta ikasema ni 59. Nilirudi dukani kama mtu aliyepunjwa sukari, nikaelezwa kwa subira kubwa kwamba mwenye kiwanda huhesabu kwa maelfu, na kompyuta huhesabu kwa 1,024, na tofauti hiyo ikijikusanya ndiyo inayokula zile tano. Sijaridhika, ila sikuwa na mizani ya kwangu. Nyimbo ziliingia zote, karibu gigabaiti 50, baada ya saa kadhaa za kunakili. Nilipoichomeka garini redio iliandika neno moja la Kiingereza lenye maana kwamba haioni kitu. Mpwa wangu akaja tena, akaeleza kwamba flashi kubwa huuzwa zikiwa zimepangwa kwa mtindo ambao redio kama yangu haiujui, kwamba yenyewe inaelewa FAT32 tu, na kwamba kompyuta yangu inakataa kuipanga flashi iliyozidi gigabaiti 32 kwa mtindo huo mpaka itafutiwe programu nyingine. Akaitafuta, akaipanga flashi upya, na kwa kuipanga akafuta kila kitu. Safari ya pili, ili nisipoteze tena usiku mzima bure, nilitanguliza folda ndogo ya majaribio, nyimbo 40 za Nasra za chekechea. Zilipolia vizuri nikaongeza nyingine zote kwa furaha.

Hapo ndipo nilipojichongea. Redio hii haijali alfabeti wala namba nilizoziandika mbele ya majina. Hufuata utaratibu ambao nyimbo ziliingia kwenye flashi, na aliyeingia wa kwanza ni wa kwanza milele. Kwa hiyo wimbo namba moja ulikuwa watoto wanaohesabu. Walifuatiwa na watoto wenzao 39, halafu nyimbo za harusi za shemeji yangu, halafu singeli za mpwa, ambazo sikumbuki kumruhusu kuziweka, na dansi langu lilianzia namba 874. Tena redio ina uwezo wa kusoma nyimbo 999 tu, kioo chake kina tarakimu tatu na akili yake vivyo hivyo, kwa hiyo nyimbo 10,001 zimo humo garini lakini hazipo. Nazilipia mafuta kuzibeba kwenda Posta na kuzirudisha Mbagala bila kuzisikia. Na hizo chache za dansi zinazoonekana huwezi kuzijua kwa majina, kwa sababu nyingi niliziokoa mtandaoni zikiwa na anwani ya tovuti mbele ya jina, na kioo kinaonyesha herufi nane. Zote zinaitwa www na herufi nne za mwanzo za mtu nisiyemjua. Sehemu ya kwanza na ya pili za santuri nazo zimegeuka: inaanza sehemu ya pili, tunacheza, halafu ndipo mwimbaji anakuja kutueleza huzuni iliyotufanya tucheze.

Kufika namba 874 kulihitaji kubonyeza kitufe mara 873. Kipo kitufe cha kuruka kumikumi, lakini kilizama ndani siku ya tatu na hakijaibuka. Kila wimbo huchukua sekunde kama tatu kabla redio haijakubali kuuacha, na nimepiga hesabu kwamba ni takriban dakika 44 za kubonyeza bila kupumzika, yaani ukianza Zakhem, foleni ikiwa ya wastani, dansi linakukuta karibu na Bendera Tatu. Niliwahi kufika. Nilifika namba 874 nikiwa na kidole gumba kilichokufa ganzi, gitaa likaanza, nikashusha kioo ili na wengine wafaidi, na papo hapo askari wa usalama barabarani akaninyooshea mkono nisimame kando. Nikazima gari kwa heshima. Akakagua leseni, akakagua bima, akalizunguka gari mara moja, akasema, "Haya mzee, safari njema." Nikawasha. Mama wa Kijapani akadai kadi yake, na watoto wakaanza: moja, mbili, tatu. Askari alimwita mwenzake aje asikilize.

Maana hilo ndilo lililokuwa donda lenyewe: kila nilipozima gari, redio ilisahau kila kitu na kurudi namba moja, na mimi katika foleni ndefu huwa nazima ili kuokoa petroli. Kuna asubuhi watoto wamehesabu mara kumi na moja kabla sijafika Uhasibu. Mpwa wangu aliivuta redio nje, akaangalia nyuma yake, akacheka peke yake. Redio ya gari ina waya mwekundu unaopata umeme pale tu swichi inapowashwa, na waya wa njano ambao unapaswa kwenda moja kwa moja kwenye betri muda wote, kwa sababu ndio unaotunza saa na kumbukumbu. Fundi alikuwa ameisokota yote miwili pamoja kwenye swichi. Redio yangu haikuwa mbovu, ilikuwa inakata roho kila nikizima gari na kuzaliwa upya kila nikiwasha, ndiyo maana saa yake ilikuwa saa sita na elimu yake ya chekechea. Kurekebisha ni kazi ya dakika kumi. Lakini mpwa alikataa kugusa kazi ya mtu, akasema nimrudishie fundi mwenyewe, naye fundi ndiye yule wa laki moja ya maneno. Kwa miezi mitatu nilikuwa nikipita njia ya mbali kuikwepa Gerezani.

Jumamosi moja tulikuwa tunakwenda harusini, mimi na Mama Nasra, amevaa, amependeza, ananukia udi. Simu yangu ilikuwa imeunganishwa na redio kwa Bluetooth, na redio hii, pamoja na kutokumbuka chochote, ina kiherehere cha kupokea simu yenyewe baada ya mlio wa pili. Watoto walikuwa wamefika sita. Wakanyamaza.

"Shikamoo mzee wangu," ikasema sauti ya fundi kutoka spika zote nne. "Mzee, ile laki moja iliyobaki ya redio vipi? Mwezi wa tatu huu, na kila nikipiga hupokei."

Nilitafuta kitufe cha kukata simu. Ndicho kilichozama.

"Marahaba," Mama Nasra aliitikia kwa upole ambao haukuwa na dalili yoyote njema. "Mwanangu, hebu nieleze taratibu. Hiyo redio ilikuwa bei gani?"

Wakaongea kama ndugu waliopotezana. Jumatatu alimlipa kwa simu, na jioni yake fundi alikuja hadi nyumbani, akatenganisha njano na nyekundu kabla kahawa aliyokaribishwa haijapoa. Kabla ya hapo flashi ilikuwa imechukuliwa kwenda kupangwa upya na mpwa, kwa maelekezo ya mlipaji, na sasa folda ya kwanza ni taarabu, ya pili ni kaswida, ya tatu ni taarabu tena, na dansi langu linaanzia namba 640.

Redio inakumbuka sasa, siwezi kuisingizia. Nikimshusha Mama Nasra Mtoni asubuhi, jioni inaendelea na taarabu palepale alipoiachia. Lakini kukumbuka kunasaidia pande zote mbili, na nimepiga hesabu kwamba nikibonyeza mara thelathini kila siku akiwa hayupo, nitalifikia dansi baada ya wiki tatu na siku moja. Jana jioni nilifika namba 214. Leo asubuhi nimeikuta iko namba 3.